Ng'ombe wa Udongo: Je, Yatupasa Kuililia Michezo ya Zamani?

Liko neno ambalo sisi watu wa makamo hulisema kila tukutanapo, iwe arusini, iwe matangani, iwe chini ya mti siku ya mnada, wala hatulichoki: kwamba watoto wa siku hizi hawajui kucheza. Akilisema mmoja, wote huitikia. Kisha huanza kuhesabiwa vitu vilivyopotea, kimoja kimoja, kama wazee wetu walivyohesabu majina ya ng'ombe waliokufa kwa sotoka. Na mtoto akipita karibu, naye ameinamia simu ya mama yake, basi huonyeshwa kwa kidevu, na shauri huwa limekwisha.

Nami niliye mwalimu katika nchi hii ya Ringwani, ambaye riziki yangu ni kukaa na watoto mchana kutwa, nimelisikia neno hili mara nyingi hata nikaona yafaa kulipima. Neno linalokubaliwa na wote pasipo kupingwa, aghalabu halijachunguzwa na hata mmoja. Je, ni kweli tumepotewa na kitu chema? Na kama ni kweli, ni kitu gani hasa, na nani aliyekipoteza? Tena, ni haki kumdai mtoto kitu ambacho hakukichukua yeye?

Na tuvikumbuke kwanza vitu vyenyewe, maana vyastahili.

Mchunga ndama wa zamani katika vilima hivi, akiisha kuwafikisha wanyama majanini, hakukaa bure. Alishuka kijitoni, akachimba udongo ule mzito unaoshikana, akaukanda, akafinyanga ng'ombe. Wala hakufinyanga ng'ombe tu, bali ng'ombe fulani: fahali mwenye nundu iliyolala upande, jike mwenye pembe moja iliyopinda, mtamba aliye karibu kuzaa. Aliwaanika kivulini, kwa kuwa jua kali lingewapasua. Aliyetaka rangi alitafuta mkaa na majivu. Kisha akawajengea zizi la vijiti na miiba, akawaita kwa majina. Wenzake nao walikuwa na makundi yao, na hapo ndipo mchezo ulipoanza hasa: kubadilishana jike mmoja kwa madume mawili, kukopeshana, kudaiana, kuibiana, na kufuatana nyayo kwa yowe kama walivyosikia baba zao wakifanya usiku. Mvua moja ya jioni ikinyesha, matajiri wote wakawa maskini mara moja, na kesho yake wakaanza tena wakiwa sawa. Sijaona bado nchi ya watu wazima iliyo na sheria kama hiyo.

Wasichana nao walikuwa na gunzi. Hindi changa ambalo nywele zake bado laini lilivunjwa shambani, wakati mwingine kwa hasira ya mama mwenye shamba, likasukwa nywele, likafungwa kitambaa, likabebwa mgongoni na kuimbiwa lilale. Nywele zikikauka mtoto alikuwa amezeeka, akatafutwa mwingine. Wavulana walikuwa na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za katani, na ukingo wa gurudumu la baiskeli uliosukumwa kwa fimbo barabarani, na malori ya mabua yenye magurudumu yaliyokatwa katika kandambili zilizochakaa. Walikuwako pia wacheza mdako, ambao macho yao yalifuata kijiwe hewani huku mkono ukikusanya vingine chini. Haya nayapita upesi, kwani kila msomaji anayo ya kwao.

Lakini bao halipitwi upesi. Huko pwani bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete zake ni 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi zilizowekwa mashimoni na 22 mkononi, naye huziingiza moja moja, jambo waliitalo kunamua, hata zikiisha ndipo huingia mtaji. Sisi wa bara tulicheza kwa taratibu zetu, katika mashimo yaliyofukuliwa ardhini au yaliyochongwa juu ya jiwe, kwa vijiwe na mbegu. Hata hivyo jambo kubwa ni moja kote kote: katika bao hamna dadu. Hakuna bahati iliyojificha mahali. Kete zote ziko wazi mbele ya wote wawili, na aliyeshindwa hana wa kumlaumu. Kwa sababu hiyo mvulana mwenye umri wa miaka kumi na miwili aweza kumshinda mzee mwenye ng'ombe mia, mbele ya watu, na mzee huyo asiwe na la kusema ila kuomba mchezo mwingine. Mwalimu Nyerere, mtu wa mkoa huu wetu wa Mara, alilipenda bao mpaka uzeeni, naye huko Butiama aliketi nalo pamoja na wazee wenzake. Mtu aliyekwisha kutawala nchi tangu 1961 hata 1985 akiketi penye bao, huhesabu kete kama mtu mwingine yeyote.

Hayo yote nimeyaeleza kwa furaha, wala sioni haya. Lakini furaha ya kukumbuka si ushahidi. Mtu akumbukaye utoto wake huufanya mfano wa mwanamke apepetaye ulezi: makapi hupeperuka, nafaka hubaki, kisha husema, Tazameni jinsi shamba lile lilivyokuwa safi. Wale wenzetu waliokufa kwa surua wakiwa na miaka minne hawaketi nasi chini ya mti kusimulia jinsi michezo ilivyokuwa mizuri. Tena mchunga ndama yule tunayemsifu alikuwa na nafasi ya kufinyanga ng'ombe kwa sababu hakuwa darasani. Mwezi wa Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kilikata shauri, katika lile liitwalo Azimio la Musoma, kwamba watoto wote wa Tanzania wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Shauri lile liliwaita watoto wengi kutoka machungani. Hapana shaka makundi mengi ya udongo yalibaki kijitoni bila bwana. Je, tulie? Mzee asemaye leo kwamba shule iliua michezo, na amwulize kwanza mwenzake ambaye hakusoma, anayempa mtu mwingine barua ya mwanawe amsomee.

Na juu ya msichana neno ni zito zaidi. Sisi wanaume ndio tunaosimulia sana habari za gunzi, na kusema kwamba dada zetu walicheza kwa amani. Lakini waulizwe dada zetu wenyewe walilibeba gunzi muda gani. Mtoto wa kike akitimiza miaka sita au saba, gunzi lilitupwa, akafungiwa mgongoni mtoto wa kweli, ndugu yake mdogo, ambaye hazeeki nywele zikikauka wala hawekwi chini mtu akichoka. Kisha mtungi, kuni, na jiwe la kusagia. Kwa hiyo kile tukiitacho utoto wa zamani wenye michezo tele kilikuwa, kwa sehemu kubwa, utoto wa wavulana, nao ulipata nafasi kwa kuwa wasichana walikuwa kazini.

Hapa yanipasa kumtaja mtu wa kale aliyelifikiri jambo hili kwa bidii. Katika nchi ya Uyunani, yapata karne ya nne kabla ya Kristo, Plato aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria, na katika fungu la saba la kitabu hicho asema neno la kushangaza: kwamba watawala hawaangalii michezo ya watoto, nao wakosa sana. Kwa mawazo yake, watoto wakicheza michezo ile ile kwa taratibu zile zile na kupendezwa na vitu vile vile, basi na sheria za wakubwa zitadumu; bali wale wabadilio michezo kila mara watakua wawe watu wengine kuliko wazazi wao, na wakiwa watu wengine watataka maisha mengine, na wakitaka maisha mengine watataka sheria nyingine. Naye aliogopa jambo hilo kuliko tauni.

Mzee wetu wa chini ya mti, ingawa hajalisikia jina la Plato, asema neno lile lile. Nami nakubali nusu yake. Nakubali kwamba mchezo hufundisha, tena hufundisha kwa nguvu kuliko mwalimu, kwa maana mwalimu husema na mchezo hufanya. Lakini kwa sababu hiyo hiyo siwezi kukubali nusu ya pili. Kama mchezo ni mwalimu, basi yatupasa kuuliza kila mchezo, wa kale na wa leo, wafundisha nini. Na ikiwa wafundisha vibaya, kudumu kwake miaka mingi hakuusafishi.

Turudi basi kwa ng'ombe wa udongo, maana ndio niwapendao kuliko vyote, na ni haki mtu aanze kupima kile akipendacho. Mchezo ule haukuishia zizini. Mvulana alikuwa na kundi, na dada wa mwenzake alikuwa na gunzi. Basi wakacheza arusi. Ng'ombe wa udongo wakahesabiwa, wakaswagwa mmoja mmoja mpaka boma la pili, na msichana akahamia upande huu wa kichaka. Na yule kaka aliyepokea ng'ombe akawachukua mara hiyo akaenda kujitafutia mke kwa ng'ombe hao hao. Kila mtu wa Tarime na Serengeti ajua kwamba huu haukuwa mchezo wa kubuni: ndivyo mahari yalivyozunguka katika nyumba zetu, dada akitoka na kaka akioa. Mtoto wa miaka minane alikwisha jifunza, kwa mikono yake, kabla hajaambiwa neno moja, kwamba dada yake ana hesabu. Na dada alijifunza hivyo hivyo. Hakuna aliyekusudia kumfundisha ubaya. Udongo ulikuwa laini, kivuli kilikuwa kizuri, watoto walikuwa wakicheka. Lakini msichana anayetolewa shule leo kwa ajili ya ng'ombe kumi na wawili amekwisha kuhesabiwa zamani, kijitoni.

Na yale ya kuibiana na kufuatana nyayo? Tumezika vijana katika wilaya hizi mbili kwa ajili ya ng'ombe. Sisemi kwamba udongo uliwaua. Nasema kwamba mchezo uliwazoeza kuona wizi wa ng'ombe wa ukoo mwingine kuwa ni ushujaa, na kwamba mzee anayelia mchezo ule umekwisha hana budi kusema kama anaulilia wote au sehemu yake.

Pengine msomaji atadhani kwamba mimi napendelea vitu vya dukani. Hasha. Vitu vya dukani navyo vina mafundisho yake, na mengine ni ya hila zaidi, kwa kuwa aliyeyatunga yu mbali, wala hatumwoni. Siku za mnada wa kwetu hutandazwa turubai, na juu yake hupangwa wanasesere wa plastiki wenye ngozi nyeupe na nywele za manjano. Mama mwenye mapenzi humnunulia mwanawe mmoja. Huko Marekani, katika miaka ya 1930 mwishoni na miaka ya 1940, mke na mume, Mamie na Kenneth Clark, wote wawili watu weusi na wataalamu wa mambo ya nafsi, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere walio sawa kwa kila jambo ila rangi, wengine weupe na wengine weusi, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Watoto walio wengi walimpenda mweupe, na wengi wakamwita mweusi mbaya. Habari hiyo ilipelekwa mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile, nayo ilitajwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyokataza kuwatenga watoto katika shule kwa rangi zao. Gunzi letu, pamoja na umaskini wake, halikumwambia msichana yeyote kwamba sura yake ina kasoro.

Iko na habari ya ubao mmoja wa kuchezea ambayo yanichekesha na kunihuzunisha pamoja. Mwanamke wa Marekani, Elizabeth Magie, alibuni mchezo ulioitwa The Landlord's Game, akapewa hati ya ubunifu wake mwaka 1904. Nia yake ilikuwa kuwaonyesha watu jinsi wenye ardhi wanavyotajirika kwa kodi na wapangaji wanavyofukarika, ili wachezaji waone uchungu wa jambo hilo na kulikataa. Watu wakaupenda, wakaupitisha mkono kwa mkono, wakaubadili kidogo kidogo. Na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuza mchezo wa jinsi hiyo kwa jina la Monopoly, ambamo furaha yote ni kuwafilisi wenzako. Magie mwenyewe alilipwa dola 500 kwa hati yake. Ubao ni karibu ule ule, kodi ni zile zile, lakini somo limepinduliwa. Hata ludo, ambayo vijana wa Mugumu hucheza mpaka usiku, ni mtoto wa mchezo wa kale wa Wahindi uitwao pachisi, uliosajiliwa huko Uingereza mwaka 1896 kwa jina hilo jipya. Basi mtu asiseme kwamba cha zamani ni chetu na kipya ni cha wageni. Michezo hutembea kama mbegu katika manyoya ya mbuzi.

Sasa nirudie lile neno la kwanza, kwamba watoto wa siku hizi hawajui kucheza. Maana mpaka hapa nimelijadili kana kwamba ni kweli. Nawaomba wale wanaolisema waje shuleni saa nne na nusu asubuhi, wakati wa mapumziko, wasimame karibu na ukuta bila kusema neno. Wataona mpira, ila sasa ni wa mifuko na makaratasi. Wataona tairi la pikipiki likisukumwa kwa vijiti viwili. Wataona wasichana wakiruka kamba iliyosukwa, na wavulana wawili wameketi juu ya kipande cha sanduku kilichochorwa miraba, wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, vya rangi mbili. Malori ya waya yako, na sasa yana taa za kibuyu kidogo na kioo. Mtoto mmoja darasani kwangu alitengeneza greda la udongo na mabua, mfano wa lile lililopita kurekebisha barabara, na sahani lake lilipanda na kushuka kwa uzi. Kwa nini hakufinyanga fahali? Kwa sababu greda ndilo lililopita mbele yake likimtetemesha moyo, kama fahali alivyoutetemesha moyo wa babu yake. Mkono ni ule ule. Simu nayo ipo, sikatai, na iko haja ya kumpokonya mtoto wakati mwingine. Lakini katika nyumba nyingi za hapa simu ni moja, na moto wake huisha kabla ya mtoto kushiba.

Ikiwa hivyo ndivyo, kilichopotea ni nini? Maana sidhani kwamba wazee wote hudanganyika bure. Mtu aliapo msibani na kumtaja marehemu asiyehusika, bado machozi yake ni ya kweli. Hana budi kuna maiti mahali.

Nimelitafuta jibu katika bao, kwa kuwa bao ndilo lililokuwa tofauti na mengine. Ng'ombe wa udongo, gunzi, lori la mabua, yote yalikuwa ya watoto kwa watoto. Bao peke yake liliwakalisha mtoto na mzee ana kwa ana. Mvulana alijifunza kwa kuchuchumaa nyuma ya bega la babu yake, siku nyingi, akikatazwa kusema. Hata siku moja babu akasema bila kugeuka, Wewe ungecheza nini? Swali lile, ambalo labda mzee hakulikumbuka kesho yake, lilimfanya mtoto kuwa mtu. Hakuulizwa kama ameogesha mbuzi dawa, wala kwa nini amechelewa. Aliulizwa fikira yake, na fikira yake ikapimwa mbele ya watu kwa kipimo kile kile cha wakubwa.

Nadhani hilo ndilo lililopungua. Na likipungua hilo, mwenye kulipunguza si mtoto, bali ni sisi. Penye kahawa sasa kila mzee ana simu yake mfukoni, na aliye na bao hucheza na rika lake, tena mara nyingi kwa fedha, na mtoto akisogea hufukuzwa akasome. Huko Afrika ya kaskazini, katika mji wa Thagaste ulio leo katika nchi ya Algeria, alizaliwa mwaka 354 mtu aliyekuja kuitwa Augustino, naye alipokuwa mtu mzima aliandika habari za utoto wake. Asema kwamba alipigwa na mwalimu wake kwa sababu ya kucheza mpira, na wale waliompiga walikuwa na michezo yao wenyewe, ila ya wakubwa huitwa shughuli. Aongeza kwamba mwalimu yule akishindwa na mwalimu mwenziwe katika neno dogo la elimu, aliona uchungu na wivu kuliko mtoto aliyeshindwa mpira. Kwa muda wa miaka elfu moja na mia sita hakuna aliyelijibu shtaka hilo vizuri, nami nikiwa mwalimu nalisoma kwa kujikunyata.

Mataifa nayo yameandika. Mapatano ya haki za mtoto ya mwaka 1989, ambayo Tanzania iliyathibitisha mwaka 1991, yasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Na tangu mwaka 2024 tarehe 11 Juni imekuwa siku ya kimataifa ya michezo ya watoto. Ni mambo mema. Lakini haki ya kucheza yaweza kuandikwa. Haki ya kuulizwa na babu, Wewe ungecheza nini? sijui kama kuna karatasi iwezayo kuibeba.

Hebu tulijaribu jambo hili kwa mfano mmoja, maana fikira isiyowekewa mfano ni kama bao lisilo kete. Tuseme karibu na shule liko jiwe pana, na juu yake mashimo ya bao yaliyochongwa na watu ambao majina yao hayajulikani. Shule yataka darasa, darasa lataka kokoto, na fedha za kununua kokoto hazipo. Mafundi wasema jiwe lile lafaa. Je, lipasuliwe? Wengine watasema hapana, ni urithi. Huko Nakuru, Kenya, kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill ambacho Mary Leakey alianza kukichimbua mwaka 1937, na mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani yamehifadhiwa hapo mpaka leo, na wageni hufika kuyatazama. Ni vema yamehifadhiwa, kwa kuwa ni ushuhuda wa watu wa kale sana, nao wataalamu wayahitaji. Lakini jambo moja lakusudiwa huko, na jingine huku. Mashimo yanayotazamwa tu yamekwisha kuwa kaburi la mchezo, hata likisafishwa namna gani.

Mimi ningeuliza kwanza: ni nani aliyecheza juu ya jiwe hili mwaka huu? Ikiwa wapo, wawili tu, mzee na mtoto, basi lisiguswe, na kokoto zitafutwe kilima cha pili hata kama punda watachoka. Ikiwa hayupo hata mmoja, na wale wanaolilia jiwe hawajaketi juu yake tangu walipokuwa wavulana, basi wajumbe walipime, walipige picha, wawaite wataalamu walitazame, kisha ningekubali lipasuliwe, watoto wapate paa. Najua wako watakaonikasirikia. Lakini mashimo thelathini na mawili hufukuliwa ardhini kwa muda mfupi kuliko kikao cha kamati, na vijiwe sitini na vinne vimejaa barabarani, havina bei. Kitakachokosekana hapo ni mtu wa kuketi upande wa pili.

Na mtu huyo akipatikana, limebaki shauri ambalo nimelipeleka kwa wazee watatu nisipate jibu moja. Bao katika vilima hivi lilikuwa la wanaume. Msichana alipita na mtungi, akatazama kwa pembe ya jicho, akaenda zake. Sasa darasani kwangu wako wasichana wanaohesabu upesi kuliko wavulana. Mzee wa kwanza alisema na wacheze. Wa pili alicheka, akasema watawashinda waume zao. Wa tatu alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, Saa kumi jioni, mwalimu, wakati wa bao, maji ya nyumba yangu yatachotwa na nani? Nikamwambia kwamba anao wajukuu wa kiume wanne. Akainamisha kichwa, akafukua shimo moja kwa kidole chake cha mguu, akafukua na la pili, wala hajanijibu bado.